Meneja wa Vikao

Meneja mpya wa kiwanda cha sabuni alimchosha msimamizi wa zamu mpaka basi. Tangu wateja wakubwa wawakimbie, kila asubuhi aliitisha kikao, akapangusa miwani kwa ncha ya tai, akabembeleza, "Jamani, tuvumiliane," kisha akageuza kila alichoagiza jana. Msimamizi, mama wa watu, alibaki anasaga meno. Siku moja alimfuata ofisini amtolee uvivu, akamkuta anaongea na tajiri mwenye kiwanda kwenye simu.

"Hapana, bosi. Simfukuzi mtu. Ukitaka kupunguza watu, anza na mimi."

Alipoikata simu, meneja alipangusa miwani. "Ulikuwa unasemaje, dada?"

Msimamizi alivuta kiti, akaketi. "Tuamue neno moja leo," alisema. "Na kesho, tafadhali, usiligeuze."