Tairi Mbili za Nyuma

Mimi nina mdomo, na wateja wangu wa Kamembe wanaujua. Mtu akiniletea gari dogo la kupanda milima, lile linalosukuma kwa magurudumu yote manne, halafu nikaona tairi mbili ni mpya na mbili ni vipara, simwulizi hata habari za nyumbani. Naanza kugomba. Namwambia gari hili linataka tairi nne za tumbo moja: ukubwa mmoja, umri mmoja, uchakavu mmoja. Wengi hucheka. Wanadhani nina ndugu anayeuza tairi.

Basi huwa nawaonyesha. Namlaza mteja chini ya gari, na shati lake safi, nimwonyeshe sanduku la chuma lililobanwa ubavuni mwa gia boksi. Hiyo ndiyo transfere. Inachukua sehemu ya nguvu za mbele na kuzipeleka nyuma kwa mhimili mrefu. Tairi za nyuma zikiwa kubwa kuliko za mbele, hata kwa vidole viwili tu, zinazunguka polepole kuliko wenzao, na transfere inabaki katikati ikivutwa huku na huku kama mtoto wa wazazi waliogombana. Inapata joto. Mafuta yake, ambayo hayajazi hata chupa ya bia, yanaungua. Gari likiona hivyo linawasha taa, na mwisho linazikata lenyewe nguvu za nyuma ili vyuma visife. Nimeyasema hayo mara nyingi hivi kwamba mke wangu, ambaye kazi yake ni cherehani na hajawahi kushika spana, anaweza kuyasema yote bila kukosea.

Na mimi huyohuyo ndiye niliyefunga tairi mbili kubwa nyuma ya gari letu la aina hiyohiyo, asubuhi ile mama mkwe alipomwita binti yake.

Mama mkwe aliishi Bweyeye, kwenye kilima kinachotazamana na msitu. Lami inafika sentani, penye maduka, na kutoka pale hadi kwake ni njia ya udongo inayoshuka mabonde mawili na kupanda tena. Mimi nimekulia Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpaka, nikarudi huku nikiwa mtu mzima na Kinyarwanda changu cha kuokoteza. Hakunicheka kwa hilo hata siku moja. Alinicheka kwa gari. Kila tulipofika aliwahi kuweka kiganja juu ya boneti, kama anayempima mtoto, akasema polepole ili nielewe: ina homa hii, ipe maji kwanza, halafu na wewe uje ule. Nilimpenda sana yule mama. Nalisema hapa kwa sababu sikumwambia mwenyewe.

Simu ilitoka kilimani saa tatu asubuhi. Mama amezidiwa, hali kitu tangu juzi, na anachoomba ni kimoja tu, binti yake afike leo. Mke wangu aliinuka akaacha kitambaa chini ya sindano. Alikuwa ameshashika mkoba wake.

"Niache niende na basi ya saa ine, papa," alisema, maana sisi huitana papa na maman. "Kule nitapanda moto mupaka kwa maman."

Nilimwangalia kana kwamba kunitajia pikipiki ya abiria ni kunitukana. "Bibi ya mekanisye apande moto kwenda kwa maman yake mugonjwa? Hapana. Unipatie saa moja tu. Miye mwenyewe nitakufikisha mupaka ku mulango."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi. Ndani yake kulikuwa na mapenzi, hilo silikani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na tairi zetu za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa, nikaogopa kumpeleka hivyo. Lakini kulikuwa pia na majivuno. Nilitaka watu wa kilima kile waone fundi amemleta mke wake kwa gari, siku ambayo kila mtu atakuwa anaangalia nani amefika na amefikaje.

Pale garaji zilikuwepo tairi mbili za gari lililovunjwa, nene, zenye meno ya kung'ata tope. Namba ya ukubwa ilikuwa imeandikwa ubavuni, na haikuwa namba yetu. Niliisoma. Sitasema sikuiona. Nikajiambia ni safari ya siku moja, kesho nitazitoa. Mteja angenieleza hivyo ningemfukuza na spana yake ya magurudumu mkononi.

Nati moja iligoma, na ile saa moja ikawa mbili. Mke wangu alikaa kwenye kiti cha mbele muda wote, mlango wazi, mkoba mapajani. Hakunihimiza. Mimi nilikuwa napiga mluzi.

Tuliondoka saa tano imepita. Kwenye mashamba ya chai gari lilikwenda vizuri, nikamwambia asikie linavyotulia. Msituni zilipoanza kona za kupanda, nilihisi mtikisiko mdogo miguuni kila nilipokata usukani sana. Halafu ukaja mvumo. Halafu harufu, ile ya mafuta yaliyoungua ambayo ukishaijua huwezi kuichanganya na nyingine. Taa ya njano ikawaka mbele yangu.

Nilisimama pembeni, nikalala chini kwenye lami yenye maji. Nilisogeza mgongo wa mkono kwenye transfere na nikautoa haraka. Nilijua palepale. Hakukuwa na la kuchunguza, ni mimi niliyelifanya, na tairi zetu za zamani nilikuwa nimeziacha garaji zimeegemea ukuta.

"Iko nini?" mke wangu aliuliza.

"Iko na joto kidogo tu. Itapoa."

Tulisubiri. Ukungu ulikuwa unatembea kati ya miti, na baridi ya pale unaijua. Mke wangu alishuka akasimama ukingoni mwa barabara, amejifunga kitenge cha pili mabegani. Basi la saa nne lilikuwa limekwenda zamani. Tukasikia jingine linapanda, lile la saa sita. Lilipotuona lilipunguza mwendo, na dirishani akatokeza jirani wa mama mkwe, mwanamke anayeuza avoka hadi Bukavu.

"Muko bazima?" alipiga kelele.

Mke wangu alianza kunyanyua mkono. Niliuona. Ulifika usawa wa bega, kiganja wazi, kama mtu anayesimamisha gari.

"Acha, maman," nilimwambia. "Imeisha kupoa. Tunaenda sasa hivi." Na kwa wale wa basi nikajibu kwa sauti kubwa, na kicheko juu yake: "Tuko bazima! Mwende tu!"

Mkono ulishuka, ukajifanya unarekebisha kitenge. Basi likaongeza mwendo na likapotelea konani.

Gari halikuwa limepoa. Kulikuwa na nafasi ndani ya basi lile, niliona viti. Nilichoshindwa ni kumwona mke wangu akipanda basi mbele ya macho ya jirani, na mimi nimebaki na gari langu, fundi mzima, nikingoja mafuta yapoe.

Tulisimama mara mbili tena. Tulipoiacha lami na kuingia kwenye udongo, gari lilikuwa limekwisha kuzikata nguvu za nyuma. Tuliteremka bonde la kwanza salama. Kwenye mpando wa pili magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure kwenye tope, maana yale yalikuwa na tairi zetu chakavu. Zile zenye meno, nilizozifunga nikipiga mluzi, zilikuwa nyuma, mahali ambapo hakuna nguvu iliyofika tena. Nilijaribu kurudi nyuma nikapanda upya, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mke wangu alifungua mlango, akavua viatu, akaanza kupanda kwa miguu bila kunitazama.

Nilimfuata na mkoba. Alikuwa mbele yangu sana. Tulikuwa bado tuko chini ya migomba tuliposikia kilio kikitoka uani kwa mama yake. Alisimama katikati ya njia. Kisha akaendelea, sasa polepole, akichagua mahali pa kukanyaga, nami nikamfikia.

Ndani alipiga magoti akaweka kiganja kwenye paji la uso la mama yake. Akakaa hivyo.

"Bado iko na joto," alisema.

Yule jirani wa basi alikuwa mlangoni, bado na nguo zake za safari. Alimshika mke wangu mabega, akamwambia kwa nia njema kabisa, kama mtu anayempa mwenzake kitu cha kubaki nacho: "Nilimukuta angali anaongea. Nikamwambia, nimebaona mu njia, bako karibu. Akasema basi, anabangoja kidogo."

Nilitoka nje. Nililia nyuma ya jiko, nikiwa nimeziba mdomo, na sijui kama nilikuwa namlilia yeye au najililia mwenyewe.

Tulimzika kesho yake. Wanaume waliotoka kuchimba kaburi walikwenda na kamba na majembe yao wakalivuta gari langu kutoka kwenye tope. Siku zote za matanga watu walinipa pole na kunishukuru: mkwe huyu amejitahidi, ameharibu na gari lake kwa ajili ya mama. Mwihangane, yaani vumilieni, walisema. Nilizipokea pole zao kwa mikono miwili.

Tuliporudi nyumbani Gihundwe nililiacha gari uani karibu wiki mbili. Siku moja mchana nikalinyanyua kwa jeki na kuimwaga transfere. Mafuta yalitoka meusi, mazito, na juu yake vumbi la fedha linalometameta. Kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia mafuta kulikuwa na uji wa chuma, nikaufuta kwa kidole. Kila kitu kilikuwa kama ninavyowaeleza wateja. Lakini nilitaka kipimo. Sijui kwa nini, nilikuwa nakijua. Nikaingia ndani nikachukua kwenye cherehani ile futi ya kitambaa mke wangu anayopimia watu viuno, na chaki yake, nikaanza kuzungusha tairi moja moja. Futi ilikuwa fupi, nikawa naweka alama ya chaki na kuanzia pale tena.

"Unapima nini na metre yangu?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mapine," nilisema.

Aliinama. Fundi wa nguo haamini kipimo cha mtu mwingine, hiyo ni tabia ya kazi yao. Alinipokonya futi taratibu, akaizungusha mwenyewe kwenye tairi ya mbele, akaisoma. Akaenda nyuma, akazungusha, akasoma. Alirudi mbele akapima mara ya pili. Kisha akachuchumaa pale, ncha ya futi mkononi.

"Hazifanane," alisema.

"Hazifanane."

"Nguvu ya nyuma inakatika. Ndivyo unaambiaka bantu."

"Ndiyo."

Jirani alikuwa anatwanga kisamvu ng'ambo ya ua.

"Ulijuaka? Mbele ya kuzifunga?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wa kuaminika kabisa. Namba ilikuwa imefutika, haraka ilikuwa nyingi, mtu yeyote angekosea.

"Nilijua," nilisema.

Alianza kuizungusha futi kwenye vidole vyake, kama afanyavyo jioni akifunga kazi.

"Ile siku mu pori," alisema, "nilinyanyua mukono."

"Nilikuona."

Aliitikia kwa kichwa. Alipangusa chaki na vumbi la tairi kwenye futi yake kwa ncha ya kitenge, akaingia ndani. Sikusikia cherehani siku ile, wala kesho yake.

Gari nililitengeneza. Nilibadilisha vilivyoungua, nikajaza mafuta mapya hadi yakachuruzika kwenye tundu la kujazia, ndivyo unavyojua yamefika. Nikatafuta tairi nne za tumbo moja. Kisha nikalipeleka kwenye uwanja tambarare, nikafungua vioo, nikakata usukani mpaka mwisho na kuzunguka taratibu, kulia, halafu kushoto, nikisikiliza. Halikutikisika. Halikuvuma. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile, na hakuna mteja atakayeiona.

Wateja wenye tairi za kuchanganya bado wanakuja. Siku hizi sigombi. Naweka futi yangu mwenyewe, nawaonyesha kipimo, nanyamaza. Wengine huuliza kama ninaumwa.

Mwaka ulipotimia tulialikwa kilimani kwa misa ya kumkumbuka marehemu. Mke wangu alitangulia kwa siku mbili ili apike na wenzake. Asubuhi ya kuondoka kwake nililitoa gari uani, nikalipangusa, nikamfungulia mlango wa mbele. Alitoka na mkoba.

"Gari imepona, maman," nilimwambia.

"Najua, papa."

Akanipa mkoba nimbebee. Tukatembea hadi kituoni, akapanda basi la saa nne.