Uvimbe Wenye Jino

Siku ugonjwa uliponipata nilikuwa Suna, nikifundisha darasa la tatu kutoa kwa kukopa. Hayo nayajua kwa kuambiwa. Mimi mwenyewe nakumbuka kichwa kilivyoniuma wiki hiyo, na vidonge vya malaria ambavyo havikusaidia, basi. Kuanzia hapo mpaka kitanda cha hospitali sina kumbukumbu yoyote.

Wenzangu wanazo. Mwalimu mmoja alinirekodi kwa simu kupitia dirishani, na video ikazunguka mji mzima kabla ya jua kutua. Nimeitazama mara moja tu. Mwanamke mwenye gauni langu la buluu anawakataza watoto wasinywe maji ya tangi, eti mwalimu mkuu ameyatia sumu. Mdomo wake unatafuna, na hakuna chochote mdomoni. Watoto wa mbele wanalia. Anayerekodi anacheka.

Mume wangu alinipeleka kwao, nje kidogo ya Oyugis. Wakaniombea, wakanifunga mikono kwa leso nisijiumize, wakaniombea tena. Mama mkwe alisema nimewekewa kitu tumboni. Sisi ni Wasabato na uchawi hatuutaji kanisani, lakini jikoni kwake uliitwa kwa jina lake.

Aliyenitoa huko ni kaka yangu. Alifika kutoka Kendu Bay akanikuta nimekakamaa, macho wazi. Akauliza, "Huyu amekula lini?" Akakodi gari. Hospitali ya kwanza walisema ni wazimu, wakanidunga sindano za kunituliza, nikazidi kukakamaa. Katika ya pili nikaanza kuanguka kifafa, na hapo daktari mmoja mwanamke akakataa kuliandika lile neno. Alisema mtu mzima hawezi kuharibikiwa akili ghafla hivyo, tena akiwa na homa, bila mwili wake kuwa na shida. Akatoa maji ya uti wa mgongo, yakapelekwa mbali kupimwa. Akanipiga picha ya tumbo pia. Katika ovari moja kulikuwa na uvimbe.

Walinipasua, wakaanza kunipa dawa za kutuliza kinga ya mwili, nikarudi polepole. Macho yalitangulia, maneno yakafuata. Nilipoweza kuketi, daktari alivuta kiti.

"Mwalimu," akasema, "kwenye ubongo kuna vitu vinaitwa vipokezi. Vichukulie kama masikio madogo ya seli. Kuna kemikali, glutamati, inayoleta habari kwenye masikio hayo, na bila hayo hukumbuki, hufikiri sawasawa. Sasa uvimbe wako ulikuwa na nyama inayofanana na ya ubongo. Mwili ukatengeneza kingamwili za kuushambulia. Kingamwili hizo zikafika kichwani, zikayashambulia masikio yako mwenyewe."

"Kwa hiyo sikuwa wazimu?"

"Ulikuwa mgonjwa, kama mtu wa figo." Akaongeza, "Vipokezi hivyo hivyo watafiti wanavichunguza kwa wenye kifafa, kwa wenye skizofrenia, hata kwa wenye huzuni isiyoisha. Wengi tunaowaita wazimu, ukweli ni kwamba hatujajua bado wanaugua nini."

Nililia kwa furaha. Nilidhani nimepata maneno ya kurudi nayo nyumbani.

Mama mkwe alikuja kuniona, mume wangu akiwa nyuma yake amebeba chupa ya uji. Nilimweleza yote kwa Dholuo, na palipokosa neno nikasema masikio. Alisikiliza vizuri kabisa, akiitikia kwa kichwa, kisha akauliza, "Na huo uvimbe, ndani ulikuwa na nini?"

Ningeweza kudanganya. "Nywele," nikasema. "Na jino."

"Jino la mtu?"

"Mama, hutokea. Seli za mayai ya mwanamke zinaweza kuotesha chochote, daktari amesema ni kawaida."

"Nyar Kendu," aliniita, binti wa Kendu, kama alivyoniita tangu nilipoolewa. "Nilisema umewekewa kitu tumboni, mkaniona mshamba. Sasa kimetolewa, kina nywele na jino, na bado mnanifundisha?"

Nikamtazama mume wangu.

"Mama naye ana haki ya kuuliza," akasema, na akamimina uji.

Shuleni, mwalimu mkuu alinipokea kwa upole. Nilimweleza habari za kingamwili. Alisema yeye ananielewa, tatizo ni wazazi, hawataki nirudi. Nilipokuwa nikiinuka akashusha sauti: "Lakini yale maji ya tangi, Mwalimu. Ni nani alikuambia vile?"

Siku hizi naishi Homa Bay, nafundisha watoto wa jirani hesabu barazani. Watoto wangu wamebaki kwa baba yao, kwa sababu, wanasema, ugonjwa unaweza kurudi. Kweli unaweza. Nilimuuliza daktari dalili za kuangalia, akanitajia, na akaongeza kwamba hasira si dalili. Hilo la hasira aliniambia mimi peke yangu. Nikipandisha sauti kidogo kwa muuza nyanya, anayeijua ile video humshika mwenzake mkono.

Mwezi uliopita mume wangu alileta watoto Jumapili. Niliwapikia samaki. Binti yangu mkubwa, akichambua miiba, akasema, "Siku hizi kuna anti anatupikia. Analala kwetu."

Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini wa sufuria. Mume wangu alikuwa mlangoni, hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anautazama ule mkono. Nilijua anachosubiri. Ningeirusha ile sufuria, angekuwa na jambo la kuwaeleza wazee, na watoto nisingewaona tena.

"Anti anapika vizuri?" nikauliza.

"Vizuri," akasema mwanangu.

Nikamwongezea mchuzi. Mume wangu akapumua, akaketi, akavuta sahani yake.

"Naona umepona kabisa," akasema.

"Nimepona," nikamjibu, nikampa maji ya kunawa.