Kizibo cha Tusekile

Jumatano iliyopita nilimpoteza dada yangu Tusekile. Nikikusanya nguo zake, nilikuta kizibo cha soda kilichoshonewa kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilikigonga ukutani mara moja tu, nikakitia mfukoni.

Tusekile hakuweza kutembea wala kusema, na mikono yake ilimtii siku ilipotaka. Mama alimfunga kizibo hicho kiganjani ili aweze kujibu: kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, na kwenye hesabu aligonga mpaka jibu litimie. Kila asubuhi Mama alimbeba mgongoni, akipenya kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, akamkalisha kwenye dawati langu, darasa la tatu, ingawa alinizidi miaka mitatu. Akigonga, wavulana wa nyuma waliitikia, "Karibu ndani, mlango uko wazi!" Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kisha mwalimu mkuu akamwambia Mama, "Mama Tuse, Ijumaa anakuja afisa kutoka wilayani. Akiona mtoto anafuata masomo, atabaki. Asipoona, mimi sina la kusema."

Ijumaa Mama alisimama nje ya dirisha, ncha ya kitenge mdomoni. Afisa akainama mbele yetu.

"Haya binti, tatu mara nne?"

Tusekile akaanza. Moja. Mbili. Wale wa nyuma wakanyoosha shingo kutazama. Kila mlio ulimtoa jasho, nami nilihesabu naye moyoni. Kumi. Kumi na moja. Hapo mkono ukakakamaa hewani. Afisa akatazama saa. Barabarani lori likapuliza breki. Nikaona kalamu yake inaelekea kwenye karatasi. Nikaogopa, nikagonga kwa goti chini ya dawati.

Kumi na mbili.

Hata sijavuta pumzi, mkono wa Tusekile ukashuka.

"Kumi na tatu," afisa alisema, wala si kwa ubaya. "Anabahatisha tu, mwalimu."

"Muulize tena, baba!" Mama alipaza sauti dirishani. "Mwanangu anajua!"

"Nimesikia mwenyewe, mama."

Ningeweza kusema. Nilitazama doa la wino kwenye dawati mpaka akatoka. Jumatatu nilikwenda shule peke yangu. Tusekile hakurudi darasani tena.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilitaka kumsaidia. Nimekuja kuelewa ukubwani: afisa alikuwa na haraka, lakini aliyeshindwa kumsubiri dada yangu ni mimi.

Jumanne, siku moja kabla hajatutoka, nilikaa kitandani kwake nikamwambia. "Dada, siku ile ya afisa, mara ya kumi na mbili niligonga mimi."

Akanitazama.

"Ulijua?"

Mkono wake ulichukua muda mrefu kufika kwenye ubao wa kitanda. Safari hii nilisubiri.

Aligonga mara moja.