Gari la Kijivu Lililokataa Kunipita

Kuna gari lilikuwa linanifuata kila asubuhi, na sikuwa na pa kujificha.

Niko juu ya baiskeli, jamani. Nijifiche wapi?

Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hospitali. Kwenda huko lazima nipite ule mzunguko mkubwa wa barabara, pale ambapo kila dereva ana haraka kana kwamba nyumba yake inaungua.

Nikiukaribia tu, gari la kijivu linatokea nyuma yangu. Vioo vyeusi tii.

Najibana pembeni lipite. Halipiti! Linajikokota nyuma yangu, wenzake wanalipigia honi, wala halijali. Nikishatoka upande wa pili, linapotea.

Nikabadilisha saa ya kutoka nyumbani. Nikalikuta palepale.

Usingizi ukaniruka. Nikawa nageuka nyuma hata nikiwa jikoni.

Kaka yangu ndiye akazidi kunitia kiwewe.

"Mama Pedeli," akaniita kwa jina la utani alilonipa tangu nianze baiskeli, "huyo anakuwinda. Mwambie Baba."

"Baba yupi? Huyu aliyeninunia?"

Baba ni dereva wa lori mstaafu. Siku nilipoleta baiskeli nyumbani alinifokea, "Kwenye mzunguko usijibane pembeni! Anayetoka na gari hakuoni, atakukata. Kaa katikati ya njia yako akuone."

Nikamjibu kwamba kukaa pembeni ndiyo adabu, na kwamba mambo yake ni ya zamani. Tangu hapo hatusemeshani. Nikiamka asubuhi simkuti, ati kaenda kunyoosha miguu.

Basi, siku moja nikasema leo namkomoa huyu mtu.

Ndani ya mzunguko nikakata ghafla mpaka ukingoni kabisa, nikapunguza mwendo. Nilitaka gari lile lilazimike kunipita nimwone dereva.

Lori likaona upenyo. Likanijia ubavuni kwa kasi, kisha likaanza kukunja kona kutoka, kwa upande wangu mimi!

Niliona matairi tu. Nikapiga kelele.

Gari la kijivu likajichomeka katikati, kati yangu na lori. Chuma kikalia kwenye chuma. Mimi nikarukia kwenye majani, baiskeli huko, kiatu huko.

Nikainuka. Nikalisogelea lile gari. Mlango umebonyea, haufunguki. Kioo kikashuka taratibu.

"Umeumia?"

Baba! Kofia yake ileile, mikono bado imeshika usukani.

"Baba... gari la nani hili?"

"La rafiki yangu, yule fundi. Leo ataninyofoa roho."

"Siku zote ni wewe?"

Akatazama pembeni.

"Ulikataa kushika njia yako, mwanangu. Nikakushikia mimi."

Nililia palepale barabarani, honi zinapigwa, na wala sikuona aibu.

Wenye baiskeli wenzangu, kwenye mzunguko msijifiche pembeni. Shikeni njia yenu, nyoosheni mkono kabla ya kutoka, muonekane.

Na nyinyi wenye magari, ukimkuta mwenye baiskeli ndani ya mzunguko, tulia nyuma yake mpaka atoke. Hizo honi za nyuma hazitakuua. Huyo aliye mbele yako ni mtoto wa mtu, na baba yake hawezi kuazima gari kila siku.