Betri ya Mtu Mmoja

Mama alipofariki aliniachia nyumba mtaani Kinanira, paneli mbili za sola juu ya bati, na betri kubwa iliyokaa nyuma ya mlango wa jikoni. Paneli zilikuwa zile zile tangu utoto wangu. Betri ilikuwa ya tatu. Mama aliinywesha maji ya mvua, aliyoyakinga kwa beseni safi na kuyachuja kwa kitambaa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Kiangazi kilichofuata kifo chake, nilipoona maji yamepungua ndani, nikajaza ya bomba.

Haikupita miezi miwili, taa zikawa zinafifia kabla sijamaliza kula. Nikaipakia betri kwenye teksi hadi Buyenzi, kwa fundi aliyetufungia ile ya kwanza. Akafungua vifuniko, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Umeipa maji ya robine?"

"Ndiyo, mzee."

"Ah, mutoto wangu! Vitabu unaandika, batri unaua."

"Haiwezi kupona?"

"Apana. Chumvi ya robine imeshaila ndani. Paneli zitatuzika sisi wote. Lakini batri ni kama pneu, mpira wa gari: inaisha, unanunua ingine, nayo inaisha. Mama yako alijua. Alikuwa anajipanga mapema."

Akajifuta mikono. "Nyumbani muko wangapi?"

Swali lilikuwa la kazi tu; alitaka kujua ukubwa wa betri. Lakini mimi nilianza kuhesabu taa. Taa ya chumba cha mama ilikuwa bado inawaka kila jioni. Niliiwasha mimi, ili nikipita ukumbini nione mwanga chini ya mlango. Kuendelea kuiwasha kulitaka betri kubwa, na baada ya miaka michache nyingine kubwa, na nyingine tena, maisha yangu yote. Kipato cha mwandishi hakifiki huko.

"Niko peke yangu," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu hivyo.

"Basi chukua hii ndogo. Hii haitaki maji. Haitaki kitu."

Alikuja kuifunga mwenyewe. Nikamwonyesha waya wa taa ya chumba cha mama; akaukata, akauzungushia utepe mweusi, akaniombea dua fupi mlangoni, akaondoka.

Siku hizi naandika asubuhi, mlango wa ukumbini nimeufunga. Kabla ya saa tano betri imeshajaa. Jua linaendelea kupiga zile paneli mbili hadi jioni, nazo hazina pa kulipeleka.