Chokaa ya Mawe ya Nyavu

Maji yalichemka bila moto. Mama aliyamwaga juu ya mawe meupe ndani ya nusu pipa, uani kwetu Lubunga, na baada ya kitambo mawe yakaanza kupasuka, mvuke ukapanda, pipa likawa la moto hata tukarudi nyuma. Jirani yetu aliruka mbali kuliko sote. Dakika chache kabla alikuwa na maneno: "Alors, mama, leo unapika majiwe? Iko na chumvi?"

Upande wetu wa mto, nyumba ya udongo hupakwa pemba, ule udongo mweupe unaochimbwa kando ya vijito. Wakwe wanapoleta mahari, ukuta wa mbele lazima uwe mweupe, na wageni huketi kwenye mabenchi wakiuegemea. Pemba inapendeza, ila haishiki. Siku ya mahari ya dada yangu mkubwa, wakwe walirudi kwao Makiso, ng'ambo ya mto, kwa pirogi, kila mmoja na mgongo mweupe juu ya suti nyeusi. Waliokuwa wakingoja kivukoni walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakusahau. Sasa ilikuwa zamu ya dada yangu mdogo, na tulikuwa na wiki tatu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku zile nilikuwa nikifundisha kwamba chaki ni jiwe: magamba ya viumbe vidogo mno vya baharini, yaliyotua chini na kushikamana kwa miaka isiyohesabika. Jiwe la chokaa ni ndugu yake, gumu zaidi, na yote mawili hutoa povu yakiguswa na kitu kichachu. Niliikamulia ndimu chaki yetu ya ubaoni mbele ya darasa zima. Povu halikutoka. Chaki yetu, nilikuja kujua, ni ya jasi, jiwe jingine lisilotoa povu.

Nilirudi nyumbani na nusu ya ndimu mfukoni. Nyuma ya jiko kulikuwa na rundo la mawe ambayo marehemu baba, mvuvi, alikuwa akiyafunga kwenye nyavu ili zizame. Nikakamulia moja jeupe, kwa hasira tu. Likatoa povu.

Mama akainama. "Hii iko napumua," akasema.

Nikamweleza kwamba jiwe hilo likichomwa huwa chokaa, na chokaa ikikauka ukutani hurudi kuwa jiwe. Akaliokota lile jiwe, akalifuta kwa kitenge chake. Yalikuwa mawe ya mume wake. "Bon, beba," akasema.

Wachoma matofali wa mtaani walikubali tuyapange katikati ya tanuri, penye moto mkali. "Mwalimu," mmoja akanitania, "donc masomo yote ile ilikuwa ya kuchoma majiwe?"

Yaliyotoka tanurini ndiyo mawe ambayo mama aliyamwagia maji pipani. Chokaa ilipopoa tukaipaka mara tatu, nyepesi nyepesi, tukingoja kila safu ikauke.

Siku ya wageni mvua ilinyesha tangu asubuhi, ya upepo, ikipiga ukuta wa mbele. Ilipokatika, tonton wa bwana harusi, yaani mjomba wake, mtu mnene wa suti nyeusi, aliketi akaegemea saa nzima. Mama hakusikia nusu ya mazungumzo. Macho yake yalikuwa kwenye ule mgongo. Tonton alipoinuka, suti ilikuwa nyeusi tii. Akapitisha kiganja ukutani, akakikagua.

"Bokilo, hii ukuta yako haipake mutu," akamwambia mama, mkwe kwa mkwe.

"Haipake," mama akajibu, kama mtu aliyeulizwa saa. Kisha akaingia jikoni. Nilimkuta anacheza peke yake, mwiko mkononi.

Mawe yamekwisha. Kuta tatu zilizobaki bado ni za pemba, na mama anazitaka zote. Wavuvi wawili waliotega pamoja na baba nimewauliza alikoyaokota. Mmoja anasema ni juu ya maporomoko, mto utokako. Mwingine anaapa yalitoka safari moja ya Yangambi, mto uendako. Nimekwenda pande zote mbili, na mpaka leo sijaona hata moja linalofanana nayo.