Nyasi Zilizostawi Ndani ya Waya

Mama Mizani hakuamini hata kivuli chake, na kwa kazi ile nani angemlaumu? Yeye ndiye aliyepima malisho ya ushirika. Kila msimu aliweka vizimba vya waya uwandani ili nyasi za ndani zisiliwe. Zikikomaa alizikata, akazianika, akazipima. Nusu ya uzito huo aliihesabu kuwa ya ardhi, isiliwe. Iliyobaki ndiyo iliyosema uwanda utalisha ng'ombe wangapi, na wakizidi, nani awahamishe wake.

Mwaka jana vipimo vilikuwa vizuri, lakini uwanda ulikuwa unaota vipara vya udongo mtupu. Mama Mizani hakuumiza kichwa. Mwizi alimjua: shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye bila shaka alikuwa anaingiza ng'ombe wa magendo. Mtu mwenye mifugo mingi vile, halafu kila saa anacheka, anacheka nini? Akamtaja mkutanoni, mbele za watu. Shemeji akaapa mpaka sauti ikamkauka, wapi! Ushirika ukamfukuza na ng'ombe wake wote.

Msimu huu shemeji hayupo, na vipara ndiyo kwanza vinatanda. Ndani ya vizimba, lo, nyasi zimestawi kijani cha kutia shaka. Mama Mizani akachutama, akachokonoa udongo kwa kidole, akanusa. Samadi!

"Ahaa! Kumbe kuna mjanja hapa anailisha mizani yangu!"

Lakini nani? Mwenyekiti? Au yule jirani anayemwamkia mara mbili mbili kama ana deni la salamu? Mchana, wachungaji walipopeleka ng'ombe kunywa maji, akajibanza nyuma ya tangi bovu lililokuwa karibu na vizimba, akasubiri.

Akaja mtu na ndoo, ananyata. Kiraka cha shati lile alikishona mwenyewe.

"Baba watoto!"

Ndoo ikamponyoka mumewe.

"Mama watoto, usipige kelele. Sisi ndio tuliojiunga mwisho. Kipimo kikishuka, wa kwanza kutolewa ni ng'ombe wetu. Ng'ombe wa maskini hazai, na hawa wanne tulio nao nikawapeleke wapi?"

"Umeanza lini?"

Mumewe akainama kuizoa samadi iliyomwagika.

"Nakuuliza wewe! Lini?"

"Mwaka juzi."

Mama Mizani akavigeukia vizimba vyake. Kwa hiyo vipimo vyote vile vilikuwa uongo. Uwanda ulikuwa unabebeshwa ng'ombe usiowaweza, na yeye ndiye aliyewaruhusu.

"Na siku ile ninamtaja mdogo wako mkutanoni, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Mumewe akatazama chini. "Kando yako."

Mama Mizani alitaka kulia, hasira ikamkataza. Akaiokota ndoo, akamkabidhi.

"Ibebe hivyo hivyo. Tunakwenda kwa mdogo wako, halafu kwa mwenyekiti. Na utasema wewe, si mimi."

"Watatutoa sote, mke wangu."

"Watutoe."

Mumewe akatangulia. Yeye akamfuata nyuma, hakumwondolea macho njia nzima.